Luciana na Kengele ya Springi

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa bati la nyumba ya mwalimu, Luciana alikuwa amekwisha kufika shuleni. Mwaka ule wa 1953 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la nne, na ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Alivuka bonde huku sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ikivunjika chini ya nyayo zake, mkononi ameshika kiazi cha moto alichopewa na mama yake. Kiazi hicho kilikuwa cha kupashia vidole kwanza. Kilipopoa ndipo alipokila.

Shule yao ilikuwa kando ya barabara itokayo Laela kwenda Sumbawanga, na kengele yake haikufanana na ya kanisani. Ilikuwa bamba la springi ya lori, kipande kirefu cha chuma cha pua kilichopinda kidogo kama upinde. Ncha moja ilikuwa imeviringishwa kama pete, na katikati palikuwa na tundu la boliti. Bamba hilo lilikuwa limebeba mizigo miaka mingi kabla ya kutolewa kwenye lori kuukuu na kutundikwa kwa waya kwenye mkaratusi. Huko nako lilipigwa kwa nondo, asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka saba.

Luciana alipochaguliwa kulipiga, babu yake mzaa baba, Mzee Dominiko, hakufurahi. Ujanani mwake alifanya kazi kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma kabla ya majembe ya dukani kuenea. Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuri linapowaka. Huo ulikuwa mwiko, na Mzee Dominiko alikuwa bado anaushika ingawa malungu yenyewe yalikwisha kubomoka na kuota nyasi.

"Chuma na mwanamke havikai pamoja," aliwaambia wenzake wa kamati ya shule. "Mtaona."

Basil, mtoto wa jirani aliyekuwa akiitaka kazi ile, aliyakariri maneno hayo kila alipopita chini ya mkaratusi. "Tutaona," alisema, akicheka.

Mwezi wa sita ulipofika mwisho, Luciana alisikia jambo asilolipenda. Kengele ilikuwa imebadilika sauti. Zamani ilikuwa inalia na kuendelea kulia, mpaka ng'ambo ya bonde. Sasa ilitoa mlio mfupi mkavu, kisha kimya. Watoto wa ng'ambo wakaanza kuchelewa. Luciana hakumwambia mtu. Aliogopa wangesema, "Unaona? Msichana ameiharibu." Akawa anapiga kwa nguvu zaidi.

Jumanne moja, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio, alipiga mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu. Bamba likakatika katikati. Nusu ya chini ikaanguka kando ya mguu wake na kuchimba udongo. Nusu ya juu ikabaki inaning'inia kwenye waya, inazunguka polepole.

Mwalimu Rafaeli, aliyekuwa mwalimu mkuu na pia mwalimu wa darasa la nne, alitoka akiwa bado anafunga vifungo vya koti.

"Ulilipiga kwa kitu gani?"

"Kwa nondo, Mwalimu. Kama siku zote."

"Kwa jiwe," alisema Basil kutoka nyuma. "Nimemwona. Alikuwa kama anaua nyoka."

Watoto wakacheka. Mwalimu Rafaeli hakucheka. Jana yake alikuwa amemkemea Luciana kwa hesabu alizokosea, na sasa akaona ameelewa kila kitu.

"Ulikuwa na hasira," alisema.

"Nilipiga kwa nguvu, Mwalimu. Sikuwa na hasira, wala sikutumia jiwe. Sikuivunja."

"Ilikuwa mkononi mwa nani ilipovunjika?"

"Mwangu."

"Basi ni nani aliyeivunja?"

"Sijui. Lakini si mimi."

Mwalimu aliiokota ile nusu na kumkabidhi. Ilikuwa nzito, na baridi yake iliuma viganja. "Nenda nayo nyumbani. Itazame mpaka ukumbuke ulivyoivunja. Ijumaa lori la Bwana Mwinjuma litapita, nami nitampa apeleke wilayani orodha ya wanaofanya mtihani wa kwenda shule ya kati. Ukikiri na kuomba msamaha, jina lako litakuwamo. Usipokiri, halitakuwamo. Sipeleki mwongo shule ya kati."

Wakati huo wasichana waliofika shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, walikuwa wachache mno. Aliyekosa mtihani ule hakupata mwingine. Luciana alilijua hilo. Akaliweka bamba begani kama mwanamume abebavyo gogo, akaondoka bila kuinamisha kichwa.

Mama yake, Hilaria, alikuwa mfinyanzi. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya binti yake.

"Omba msamaha yaishe," alisema, mikono yake imejaa udongo. "Ni maneno mawili tu, mwanangu. Ufanye mtihani wako."

"Mama, nikisema niliivunja, nitakuwa mwongo kwelikweli. Ndipo atakuwa na haki ya kunikata jina."

Hilaria akanawa mikono. Kando yake palikuwa na vyungu sita vilivyotoka kuchomwa, tayari kwa soko la Laela. Akaanza kuvikagua kama kawaida yake, akigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kimoja, viwili, vitatu vililia vizuri. Cha nne kilitoa mlio mfupi mkavu. Hilaria akakiinua na kukivunjia palepale kwenye jiwe.

"Lakini ufa hauonekani," alisema Luciana.

"Jicho halijauona. Sikio limeusikia."

Luciana alihisi uso wake ukipata moto. "Mama, kengele ilikuwa inalia hivyohivyo. Kwa wiki mbili."

Mama yake akageuka taratibu. "Uliisikia imekufa sauti, ukanyamaza?"

"Niliogopa wangeninyang'anya kazi."

"Mimi ningekiuza chungu kile kwa kuogopa hasara, maharage ya mtu yangemwagikia motoni. Kuvunja hukuvunja, nakuamini. Lakini kunyamaza ulinyamaza. Hilo ni lako, libebe."

Luciana akaketi na kipande chake magotini, akakitazama kama Mwalimu alivyoagiza. Alitazama mahali kilipokatikia. Palikuwa na rangi mbili. Kuzunguka lile tundu la boliti, chuma kilikuwa cheusi chenye kutu, na ndani ya weusi huo mlikuwa na mistari myembamba iliyofuatana, kama mistari inayoachwa na maji ya bwawa yanapopungua kidogo kidogo. Sehemu iliyobaki, pembeni kabisa, ilikuwa nyeupe inayometameta, na chembe zake kama chumvi.

Akakumbuka jembe la mama yake. Liliponolewa lilimetameta, na lilipoachwa nje kwenye umande lilichukua siku kadhaa kushika kutu. Kengele ilikuwa imekatika asubuhi ile ile. Kutu hii nyingi ilitoka wapi?

Kesho yake alirudi shuleni na bamba begani. Akasimama mbele ya meza ya Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kusema kosa langu."

Mwalimu Rafaeli akaweka kalamu chini. Uso wake ulilegea. "Marahaba. Sema."

"Kengele ilikufa sauti wiki mbili kabla ya kuvunjika. Niliisikia, nikanyamaza, nikazidi kuipiga kwa nguvu. Kwa hilo naomba msamaha. Lakini ilikuwa na ufa wa zamani. Tazama, hapa pana kutu. Sikuivunja."

Mwalimu alitupia jicho kile kipande, kisha akamtazama yeye. "Umefikiri usiku kucha ukaja na ujanja."

"Si ujanja, Mwalimu. Ni kutu."

Darasa likaguna kwa kicheko. Mwalimu akaokota kalamu yake. "Mpaka Ijumaa," alisema.

Jioni ile Mzee Dominiko alipita nyumbani kwao. Hakutaka hata kukigusa kile kipande. "Kutu haina kosa," alisema. "Ni mwiko ndio uliokivunja. Nilisema."

"Shikamoo, babu. Na wale wanaume waliokipiga kwa miaka saba, walivunja mwiko gani mpaka kikapata ufa?"

"Marahaba," alisema mzee, kisha akafikiri. "Una mdomo, mjukuu wangu."

"Na macho, babu. Tazama tu."

Hakutazama. Lakini alipoondoka aligeuka mara mbili.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Rafaeli aliwapanga wanafunzi nje, na Mzee Dominiko akaja kwa niaba ya kamati. Bahasha ya orodha ilikuwa mezani, haijafungwa. "Kwa mara ya mwisho, Luciana," alisema Mwalimu.

Luciana aliifikiria shule ya kati, na kitabu chenye ramani alichowahi kukiona mara moja tu. Akasema, "Sikuivunja, Mwalimu."

Kabla Mwalimu hajajibu, lori la Bwana Mwinjuma likatokea kwenye kona, limelalia upande mmoja kama punda aliyeumia mguu. Lilikuwa limejaa magunia ya mahindi na ulezi, na juu ya magunia walikaa abiria, miongoni mwao mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Likasimama karibu na mkaratusi. Bwana Mwinjuma akashuka, mtu mnene mwenye kofia ya viua, akasalimia watu, kisha akainama chini ya gari.

"Springi imekatika," alisema. "Baridi ya huku juu ina chuki na mimi. Abiria shukeni, nyosheni miguu. Uledi, toa jeki."

Utingo wake Uledi akaliinua lori. Wakafungua boliti kwa spana, wakatoa bamba lililokatika na kulitupa kwenye nyasi. Lilianguka karibu na miguu ya Luciana. Akainama kulitazama, kisha akasahau kwamba amepangwa mstarini.

"Mwalimu," alisema. "Lina kutu pale pale. Kwenye tundu."

"Rudi mstarini."

Hakurudi. Alikwenda kulichukua bamba lake, akaviweka vipande viwili sambamba mbele ya dereva. "Shikamoo, Bwana Mwinjuma. Naomba unisaidie. Hivi vyote viwili, kipi kilivunjwa na mtu?"

Bwana Mwinjuma akajifuta mafuta, akachuchumaa. Alivitazama bila haraka. "Marahaba. Hakuna kilichovunjwa na mtu, binti. Hivi vimechoka."

"Chuma kinachoka?" aliuliza Basil, na wenzake wakacheka. "Kikilala kinapona?"

"Hakiponi, na ndiyo tofauti yake na wewe," alisema Bwana Mwinjuma. "Njoo hapa, mwenye mdomo. Shika waya huu, unikatie vipande viwili. Bila kisu."

Basil akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, waya haukukatika. Kisha akaukunja na kuukunjua, akaukunja na kuukunjua. "Unapata moto," alisema kwa mshangao. Akaendelea. Ukakatika.

"Umeukunja mara ngapi?"

"Kama ishirini."

"Ni mkunjo upi uliouvunja?"

"Wa mwisho."

"Kwa hiyo ile kumi na tisa haikufanya kitu? Ungekunja mara moja tu ungekatika?"

Basil akaangalia vile vipande viwili vya waya.

"Springi nayo hukunjwa kila gari linapoingia shimoni," aliendelea Bwana Mwinjuma. "Siku moja kaufa kadogo huanza, mara nyingi penye tundu. Unyevu huingia, kutu hushika. Kila mtikisiko ufa unasogea. Nami leo nashuka Ilemba, kule chini kwenye joto, kesho narudi huku kwenye sakitu. Chuma hutanuka, kisha husinyaa, ufa haupumziki. Na asubuhi ya baridi kali chuma chenye ufa huwa kikavu, hakivumilii kishindo. Kengele yenu ilibeba magunia, ikapigwa miaka saba, jua la mchana juu yake, baridi ya usiku juu yake. Huu weusi ni miaka. Huu weupe tu ndio wa juzi."

Mwalimu Rafaeli alikuwa amesogea.

"Haya, Uledi, lete bamba la akiba," alisema Bwana Mwinjuma. Yalikuwa mawili, yote yamenunuliwa yakiwa yametumika. Akachagua moja, jipya kidogo kwa kulitazama.

"Naomba kuyagonga kwanza," alisema Luciana.

"Kuyagonga?"

"Mama yangu hauzi chungu bila kukigonga."

Uledi akacheka. "Bosi, leo springi imekuwa chungu cha maharage." Lakini Bwana Mwinjuma aliinua mkono. Wakayatundika mabamba yote mawili kwa waya. Luciana akachukua nondo yake ya zamani. Bamba la kwanza, lile kuukuu, liliimba mpaka mwisho wa uwanja. La pili, lile zuri kwa macho, lilitoa mlio mfupi mkavu, likanyamaza.

"Hili limekufa sauti," alisema.

Bwana Mwinjuma alilishusha, akaligeuza huku na huku. "Sioni ufa."

"Mimi pia siuoni. Lakini upo."

Dereva akamgeukia Mwalimu. "Una chaki, Mwalimu? Wakati wa vita nilifanya kazi kwenye karakana ya jeshi. Kuna jambo tulikuwa tunafanya."

Akalipaka bamba mafuta ya taa, wakasubiri. Akalifuta kwa kitambaa mpaka likakauka kabisa. Kisha Mwalimu Rafaeli mwenyewe akasaga chaki, wakaipaka mpaka chuma kikawa cheupe kama ukuta. Wanafunzi waliacha mstari na kujazana. Mzee Dominiko akasukuma mabega ya watoto, akachungulia.

Kwanza hapakutokea kitu. Kisha, kutoka kwenye tundu la boliti, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakaanza kuilowesha chaki. Mstari mwembamba kama unywele ukajichora kwenye weupe, mpaka karibu na ukingo.

Bwana Mwinjuma akawatazama abiria wake, yule mwanamke mwenye mtoto, kisha mteremko wa barabara ulioanzia mbele yao. "Ningelifunga hili," alisema taratibu. "Ningelifunga na kuondoka."

Basil akatoka katikati ya wenzake. "Mwalimu," alisema, "jiwe sikuliona. Nilikuwa mbali. Nilisema tu."

Mzee Dominiko akaokota kile kipande cha kengele ambacho siku mbili kabla alikataa kukigusa. Akakipitisha kidole kwenye kutu, polepole, kama mtu asomaye. "Mimi nimefua chuma miaka thelathini," alisema. "Kutu hii naijua. Niliogopa kuitazama kwa sababu ningelazimika kusema."

Mwalimu Rafaeli aliingia ofisini, akatoka na kalamu na ile orodha. Aliandika jina la Luciana mbele ya watu wote, akaukausha wino kwa pumzi yake, akaifunga bahasha na kumpa Bwana Mwinjuma. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Kaeni chini," alisema. "Nataka mlisikie hili nami nikiwa nimesimama, kwa sababu kosa ni langu. Luciana aliniambia ukweli mara tatu. Mara ya pili aliniambia hata kosa lake mwenyewe, la kunyamaza, ambalo mimi nisingelijua kamwe. Sikumsikia, kwa sababu nilikuwa nangojea ukweli uje umepiga magoti. Ukweli si lazima upige magoti. Mtu mwaminifu hukiri alilolitenda, lakini hakiri asilolitenda, hata akitishwa. Na jambo jingine mlilishike. Kitu hakivunjiki siku kinapovunjika. Kinaanza mapema, kidogo kidogo, nacho hutoa sauti. Ukiisikia, sema, hata kama unaogopa. Luciana, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema Luciana. "Nami sitanyamaza tena."

Lori lilipoondoka na bamba zima, Luciana aliinua macho kwenye mkaratusi. Ile nusu ya juu bado ilikuwa inaning'inia. Akaenda kuigonga kidogo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Hii haina ufa," alisema. "Ufa ulikuwa pale ilipokatikia tu, umeishia hapo."

Mzee Dominiko akaokota nondo kutoka kwenye nyasi. Aliishika kwa muda, akiipima uzito. Kisha akampa mjukuu wake kwa mikono miwili.

"Ni chuma, babu," alisema Luciana.

"Naona. Piga."

Akapiga. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, na ya juu zaidi, lakini iliendelea. Ilivuka uwanja, ikavuka bonde. Ng'ambo, Hilaria aliinua kichwa kutoka kwenye udongo wake na kuisikiliza, kwa namna asikilizavyo chungu. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kufinyanga.